Kukagua hali za kazi kwenye shamba la maua: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi kiliwaka moto. Zaidi ya watu 250 walikufa humo, madirisha yakiwa na nondo na milango ya kutokea ikiwa imefungwa. Majuma machache tu kabla ya hapo kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, mojawapo ya vyeti vinavyoheshimiwa sana kuhusu hali za kazi. Miezi saba baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka liliporomoka na kuua watu 1,134. Humo pia wakaguzi walikuwa wamepita. Wafanyakazi ndio walioziona nyufa siku iliyotangulia na kuogopa kuingia, kisha wakatishiwa kunyimwa mshahara wasipoingia.

Kila ninapomfundisha mkaguzi mpya huanza na visa hivi viwili. Aliyejua hatari iko wapi alikuwa ndani, amesimama kwenye mashine yake, na hakuna aliyemuuliza mahali ambapo angeweza kujibu bila hofu. Mwongozo huu unahusu namna ya kumfikia mtu huyo, kumsikiliza, kuthibitisha anachosema, na kuondoka bila kumwachia balaa.

Nitatumia mfano wa shamba la waridi Naivasha, kwa kuwa ndilo ninalolielewa kwa undani. Ua hukatwa asubuhi kando ya ziwa, hupangwa na kufungwa pakhausi (jengo la kupangia na kufungia maua), hupelekwa kwa lori la baridi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na huishia kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, au kwenye supamaketi ya Uingereza. Mwenye mkasi ni mama anayelala Karagita, mtaa wa wafanyakazi karibu na mashamba, na anayeamua bei na siku ya kufikisha mzigo yuko Ulaya. Ukikagua kiwanda cha nguo cha Athi River au shamba la chai, hatua ni zile zile, ila hatari ndizo hubadilika.

Hatua ya 1: Jua unapima kwa kipimo gani

Mkaguzi asiye na kipimo hubaki na maoni tu. Vipimo ni vitatu: sheria ya nchi, mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri (shambani kila mtu huuita CBA), na kanuni ya mnunuzi au ya cheti. Vikitofautiana, fuata kile kinachomlinda mfanyakazi zaidi.

Kwa Kenya, soma sheria za kazi za 2007 wewe mwenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu. Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi, likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili pamoja na haki ya kurudi kazini kwake, likizo ya baba ya wiki 2, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Tena mkataba wa maandishi lazima uelezwe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Nimeona mikataba ya Kiingereza ya kurasa sita iliyotiwa sahihi kwa dole gumba.

Usibebe sheria ya Kenya ukavuka nayo mpaka wa Namanga kuingia Tanzania. Kwenye mashamba ya Arusha inatumika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne na zinazolipwa mara moja na nusu, likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Kuhusu kanuni za wanunuzi, nyingi zimejengwa juu ya mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, na juu ya kanuni ya ETI (Ethical Trading Initiative) ya Uingereza yenye vipengele tisa. Kikomo utakachokutana nacho mara nyingi ni saa 48 za kawaida na jumla ya saa 60 kwa wiki pamoja na za ziada. Kumbuka pia kwamba tangu 2022 ILO imeweka mazingira salama ya kazi kwenye daraja moja na haki ya kujiunga na chama, na marufuku ya kazi ya kulazimishwa, ajira ya watoto na ubaguzi.

Uliza nani anakulipa. Mara nyingi ni shamba lenyewe, na kila upande unajua mkaguzi mkali huenda asiitwe tena. Dawa yake iandikwe kwenye mkataba wa kazi yako kabla hujaondoka nyumbani: ripoti inakwenda kwa nani, idadi ya siku haipunguzwi, na mwenye shamba hana mamlaka ya kufuta utakachokiona. Wakikataa sharti hilo, kazi hiyo iache.

Hatua ya 2: Chagua msimu, kisha uanzie nje ya geti

Wakati mzuri wa kukagua shamba la waridi ni kati ya mwisho wa Januari na siku chache kabla ya Valentine. Utaambiwa hakuna nafasi, wana kazi nyingi. Hicho ndicho unachokwenda kukiona. Ikishindikana, basi nyaraka zako ziguse majira hayo. Chukua wiki mbili za kabla ya tarehe 14 Februari, wiki za kabla ya Sikukuu ya Mama ya Uingereza mwezi Machi, mwezi mmoja wa kazi ndogo kama Julai, na mwezi uliopita.

Usitoe tarehe kamili. Wape dirisha la wiki mbili au tatu: nitafika siku yoyote kati ya hii na hii. Ukitaja siku, wana muda wa kuwapa likizo wale wasiotakiwa kuonekana.

Kabla hujavuka geti, tumia siku moja nje. Zungumza na tawi la chama cha wafanyakazi. Kwa mashamba ya maua ya Kenya ni KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo. Nenda zahanati iliyo karibu uulize kwa ujumla ni malalamiko gani huletwa na watu wa mashambani: ngozi, macho, mgongo, kizunguzungu. Kaa na kikundi cha akina mama wa chama cha kuweka akiba. Fanya hivyo Jumapili alasiri, watu wakiwa wametoka kanisani na hakuna supavaiza anayehesabu dakika. Mara nyingi siku hiyo moja hunifundisha mengi kuliko siku mbili za ofisini.

Timu yako lazima iwe na mkaguzi mwanamke. Wengi wa wafanyakazi wa maua ni wanawake, na kuna mambo ambayo hawatamwambia mwanamume mgeni hata akiwa mpole kiasi gani.

Hatua ya 3: Kikao cha kufungua

Dakika ishirini zinatosha. Wawepo wasimamizi pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi, wote chumba kimoja. Sema wazi kwamba utachagua mwenyewe wa kuzungumza nao, kwamba hakuna msimamizi atakayekuwa karibu, kwamba wanaolipwa kwa idadi ya vifungu watapunguziwa tageti, yaani idadi wanayotakiwa kufikisha, kulingana na muda uliowachukua, na kwamba kumwadhibu yeyote aliyezungumza nawe ni kosa kubwa kuliko kasoro yoyote utakayoikuta. Hayo yaandikwe na meneja atie sahihi.

Chakula chako beba. Ua, mfuko wa matunda, usafiri wa kurudi mjini, vyote kataa kwa adabu. Wafanyakazi wanakutazama, na watakaokuona ukila na meneja hawatakueleza kitu.

Hatua ya 4: Tembea kabla ya kufungua faili

Wasimamizi watataka uanze na makabati ya nyaraka, kwa sababu huko wamejiandaa. Wewe omba kutembea kwanza, na njia uichague mwenyewe.

Anza vyooni. Hesabu vilivyo wazi na vinavyofanya kazi, angalia maji, sabuni na pa kutupia pedi. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi angalia kama sabuni iliyopo ni kipande kilichotumika au ndiyo kwanza imetolewa kwenye karatasi asubuhi ile. Uliza kama mtu akitaka kwenda chooni huomba ruhusa, na kwa nani.

Pakhausi, tazama mikono. Aliyepewa glavu leo huzivaa kama mtu anayezishangaa. Tazama waliosimama kutwa kama wana kitu laini chini ya miguu, na kama mjamzito amepewa kiti. Kwenye chumba baridi, ambako hali huwa nyuzijoto chache tu juu ya sifuri, hesabu makoti kisha uhesabu watu. Sukuma kila mlango wa dharura kwa mkono wako. Nasema kwa mkono wako, kwa sababu ya Karachi. Usiandike kwamba mlango unafunguka kwa kuwa umeambiwa unafunguka.

Unapotembea, andika namba za ovaroli za watu wachache uliowaona wakifanya kazi zisizotajwa kwenye orodha: kijana anayebeba mifuko ya mbolea, mama anayefagia karibu na stoo ya dawa. Utawahitaji baadaye.

Hatua ya 5: Kuzungumza na wafanyakazi

Hapa usiharakishe. Kwa shamba la watu wapatao 800 mimi hutaka siku tatu na nizungumze na watu wasiopungua 42: kumi na wawili mmoja mmoja, na wengine katika vikundi sita vya watu watano.

Chagua majina mwenyewe kutoka mastaroli (orodha ya walioingia kazini) ya leo. Changanya: wakataji, wapangaji wa pakhausi, wapuliza dawa, wa msimu, walioandikwa chini ya miezi mitatu iliyopita, aliyerudi kutoka uzazi, aliyepewa barua ya onyo, na zile namba za ovaroli. Chagua wengi kuliko utakaowatumia, ili mtu akisoma ripoti asiweze kukisia ni nani aliyesema nini. Siku moja niliwaachia wasimamizi waniletee watu. Walikuja tisa, na wote wakaniambia sentensi moja neno kwa neno: hapa tunaishi kama familia. Nililaza kalamu nikawashukuru, kisha nikaenda kuchagua wangu.

Mahali ni kitu kikubwa. Ofisi ya wafanyakazi haifai, wala chumba cha mikutano chenye kioo. Chini ya mti panafaa, uwanja wa mpira unafaa, kantini ikiwa tupu inafaa. Ketini kwa namna ambayo mfanyakazi anaiona njia na wewe umeipa mgongo. Akimwona msimamizi anakuja atabadilisha mazungumzo, na wewe mwache abadilishe.

Salimia kama mtu na mtu. Muulize mama habari za nyumbani, za watoto, za safari ya asubuhi, na daftari libaki limefungwa. Mwambie wewe ni nani, umetumwa na nani, na kwamba jina lake halitaonekana kwenye ripoti. Mwambie pia ukweli mchungu, kwamba huwezi kumwahidi mshahara kupanda wala kumrudisha kazini aliyefutwa. Ahadi ya uongo inamdhuru yeye na inamfungia mlango mkaguzi atakayekufuata.

Swali langu la kwanza ni lile lile miaka yote: «Nieleze jana yako, tangu ulipoamka mpaka ulipolala.» Ukimuuliza mtu anafanya kazi saa ngapi, atakujibu nane, kwa kuwa ndilo jibu alilofundishwa. Akikusimulia jana yake, utasikia basi lilimchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, chai alikunywa akiwa amesimama, tageti ilimshinda saa tisa, supavaiza alisema nini, na mtoto alimkuta amelala kwa jirani. Saa za kazi, mapumziko, matusi na malezi ya mtoto, yote yamo ndani ya jana moja.

Baada ya hapo uliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kufundishwa kuyajibu. Mtu akikosa tageti siku tatu hufanywa nini? Mara ya mwisho mtu kuumia hapa ilikuwa lini, na nani alilipa hospitali? Ukiwa mwezini na kazi imebana, unafanyaje? Nani aliyekusaidia kuandikwa, na ulimpa chochote? Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu anayenunua kazi kwa mkopo hufanya kazi akiwa na deni, na mwenye deni hawezi kukataa kubaki usiku.

Kuhusu unyanyasaji wa kingono, usiulize moja kwa moja kama umewahi kusumbuliwa. Hakuna atakayefungua jeraha hilo mbele ya mgeni wa dakika thelathini. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho, ambako zaidi ya wanawake 70 walisimulia kunyanyaswa na wasimamizi wao. Yalikuwa mashamba yaliyozoea kutembelewa na wakaguzi. Uliza hivi: «Binti mgeni akiandikwa hapa kesho, ungemwonya kuhusu nini?» Akinyamaza, pokea ukimya wake kwa heshima, usimsukume. Kisha nenda kwenye nyaraka ukatafute mamlaka yamekaa wapi. Ukikuta mwanamume mmoja ndiye anayegawa kazi nyepesi, anayesaini likizo na anayependekeza ni mkataba wa nani uongezwe, umeikuta hatari. Iandike kama kasoro ya mfumo hata kama hakuna mwanamke aliyefungua kinywa, kwani marekebisho yake hayahitaji mlalamishi. Inatosha kuyagawa hayo mamlaka matatu kwa watu watatu.

Katika vikundi, wanawake wakae peke yao na supavaiza asiwemo. Kwenye daftari la mazungumzo usiandike jina wala namba ya kazi; orodha ya uliozungumza nao itunze wewe peke yako, mbali na daftari hilo. Hata maelezo huweza kumfichua mtu: «mwanamke wa chumba baridi aliyerudi kutoka uzazi mwezi Machi» ni mtu mmoja tu, na kila mtu shambani anamjua. Andika «wafanyakazi kadhaa wa pakhausi», au usiandike.

Ukikuta jambo la dharura, mtoto kazini, mtu aliyezuiwa kuondoka, aliyepigwa, usimvamie meneja papo hapo. Muulize kwanza mhusika yeye anaona nini ni salama kwake. Mtoto aliyetolewa shambani kwa kelele leo atakuwa kwenye machimbo ya mawe kesho. Anahitaji mpango wa shule na riziki kwa familia yake, na huo hujengwa na mnunuzi, shamba na maofisa wa watoto pamoja.

Hatua ya 6: Mishahara na saa, linganisha usiamini

Karatasi moja haithibitishi kitu. Karatasi nne zilizoandikwa na watu wanne wasiojuana, hizo husema. Pamoja na mastaroli, peroli na pesilipu, omba kumbukumbu ambazo ofisi ya wafanyakazi haizitunzi: kitabu cha walinzi getini, karatasi za safari za mabasi, hesabu ya vifungu pakhausi kwa kila mpangaji, saa za malori kuondoka chumba baridi, na idadi ya sahani za chakula cha jioni kantini.

Mfano. Pesilipu ya mpangaji mmoja kwa wiki ya kabla ya Valentine inaonyesha saa 46 za kawaida na 8 za ziada, jumla 54. Inapendeza. Lakini kitabu cha geti kinaonyesha basi lake lilitoka saa mbili na nusu usiku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mashine ya alama za vidole inasema aliingia saa moja asubuhi. Hizo ni saa 13 na nusu. Toa saa moja ya chakula, zinabaki 12 na nusu. Zidisha kwa tano, upate 62 na nusu. Jumamosi alifanya 6. Jumla ni 68 na nusu. Kuna saa 14 na nusu hazikulipwa, na kikomo cha saa 60 kimepitwa kwa saa 8 na nusu. Chukua wengine kumi wa basi lile lile urudie hesabu. Ikilingana kwa wote, hilo ni jambo lililopangwa na mtu.

Kasoro ya namna hiyo ikithibitika, uliza kwa nini. Mara nyingi utagundua oda ilibadilishwa siku mbili kabla ya lori kuondoka, au bei imebaki pale pale ilhali mbolea na nauli ya ndege zimepanda. Iandike hiyo pia. Mnunuzi anayedai saa 60 huku akituma oda ya saa 70 ni sehemu ya kasoro, na ripoti isiyomgusa inamwachia meneja wa Naivasha kubeba dhambi ya mtu wa Ulaya.

Angalia makato mstari kwa mstari: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), bima ya afya ya jamii, ushuru wa nyumba, ada ya chama, mkopo wa sako. Kisha muulize mfanyakazi kama anajua kila kato ni la nini. Shamba lisilompa nyumba linapaswa kumlipa posho ya nyumba, na posho hiyo ionekane kwenye pesilipu.

Halafu tafuta vibarua wa kudumu. Sheria ya Kenya inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi inayotarajiwa kuchukua miezi mitatu au zaidi, hawezi kuendelea kuitwa kibarua. Panga majina kwa tarehe. Ukiona watu wale wale wanaachishwa kila baada ya muda fulani na kuandikwa tena wiki mbili baadaye, mwaka baada ya mwaka, muulize meneja kwa nini, na jibu liandike kama alivyolisema.

Hatua ya 7: Dawa za mimea

Kila kiuatilifu kina muda ulioandikwa kwenye lebo ambao mtu asiingie grinihausi baada ya kupuliza. Chukua kitabu cha kupuliza uone namba ya grinihausi, dawa, saa ya kumaliza. Kiweke kando ya kitabu cha mavuno. Ikiwa dawa inataka saa 12, kupuliza kuliisha saa moja asubuhi, na kitabu cha mavuno kinaonyesha maua yalikatwa humo saa nne, watu waliingizwa kwenye sumu. Hizo ni kurasa mbili tu, na huchukua robo saa kuzilinganisha. Nashangaa ni wakaguzi wangapi hawafanyi hivyo.

Wapuliza dawa wawe wamepimwa damu, hasa kimeng'enya cha kolinesterasi ambacho hushuka mtu akidhuriwa, kwa wanaotumia dawa jamii ya oganofosfeti, kuanzia kabla hawajaanza kazi hiyo, ili pawe na cha kulinganishia. Uliza aliyeonekana kushuka alihamishiwa wapi na mshahara wake ulikuwaje. Uliza ovaroli hufuliwa wapi: ikiwa baba anaipeleka nyumbani, dawa inafuliwa kwenye beseni moja na nguo za mtoto.

Hatua ya 8: Chama na kamati

Pitia haraka makaratasi, kaa zaidi na watu. Omba mihtasari ya kamati ya usalama, ambayo sheria inaitaka panapokuwa na watu 20 au zaidi, na ya kamati ya jinsia. Ikiwa mihtasari ya mwaka mzima ina mwandiko mmoja na wino mmoja, mwulize mjumbe walizungumza nini mara ya mwisho. Jua walichaguliwa au waliteuliwa. Mwakilishi wa chama aulizwe peke yake kama anapewa muda wa kusikiliza wenzake, na ni mangapi aliyowasilisha yakajibiwa.

Hatua ya 9: Wasiomo kwenye orodha

Walinzi, wapishi wa kantini, mafundi wa grinihausi, wapakiaji walioletwa na kontrakta wakati wa msimu. Meneja atasema si wafanyakazi wake. Walinzi hasa, kwa zamu za saa 12 usiku na mchana, ndio mara nyingi wenye saa nyingi na malipo madogo kuliko wote shambani. Omba mkataba kati ya shamba na kontrakta, kisha pesilipu zao. Kama shamba linamlipa kontrakta kwa kila kichwa kiasi kidogo kuliko mshahara wa chini wa kisheria, hata kontrakta mwaminifu hana namna ya kuwalipa sawasawa.

Hatua ya 10: Kuandika na kufunga

Kasoro moja iandikwe kwa sehemu nne: ulichokiona, ushahidi, kifungu kilichovunjwa, na chanzo. «Mafunzo hayatoshi» si chanzo. Endelea kuuliza kwa nini mpaka ufike kwenye uamuzi ambao mtu fulani aliufanya na anaweza kuubadilisha.

Kwenye kikao cha kufunga, zungumzia nyaraka na mahali, usiseme «wafanyakazi wameniambia». Ulichokipata kwa mazungumzo tu, bila karatasi ya kukisindikiza, kiende kwa mnunuzi kwa maelezo ya siri, au kisubiri mpaka kiungwe mkono na ushahidi mwingine. Soma kasoro kwa Kiswahili ili wawakilishi wa wafanyakazi wazisikie, na nakala yao ibandikwe ubaoni.

Mpango wa marekebisho uwe na tarehe, jina la cheo kinachowajibika na fedha. Mishahara iliyopunjwa ilipwe nyuma, na ushahidi wa malipo uwe pesilipu pamoja na maneno ya waliolipwa.

Hatua ya 11: Kurudi

Baada ya wiki mbili, pitia tena orodha ya watu uliozungumza nao, ile unayoitunza wewe peke yako mahali salama, na ulinganishe na mastaroli mpya. Nani hayupo? Nani amehamishwa kutoka pakhausi akapelekwa kupalilia? Wapigie jioni kwa simu za kawaida, wakiwa nyumbani. Uliza habari za watoto kwanza. Kama yuko aliyefutwa bila kusikilizwa, sheria inampa haki ya kuelezwa sababu na kujitetea akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Peleka suala hilo kwa mnunuzi siku hiyo hiyo, na umwelekeze mfanyakazi huyo kwa tawi la chama kabla muda wa kudai haujampita.

Kisha baada ya miezi mitatu rudi shambani bila kutangaza, ufike alfajiri mabasi yanaposhusha watu, na usukume tena ile milango.